Kabla Hujalazwa kwa Ajili ya Meno

Nyumbani, kwenye meza ya kukatia vitambaa,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu Mapengo,

Habari za huko uliko? Mgongo umetulia? Na yale macho yaliyokuwa yanakuwasha, ulipata dawa au bado unayasugua kwa mkono kama mtoto mdogo? Sisi huku hatujambo. Shemeji yako ni mzima, presha yake imetulia, ulimi wake ndio haujatulia. Mwanangu anakuja huko kikazi na ndiye anayekuletea barua hii, kwa hiyo mpe chakula kabla hujamuuliza maswali. Mimi naendelea vizuri, ila shavu la kushoto limevimba, na nikicheka nyuzi zinavuta.

Ndiyo, nimeshafanyiwa. Meno mawili ya chini. Sijakupigia simu kwa sababu kwenye simu huwa unaniambia "sawa dada, nimeelewa" kabla sijafika hata katikati. Leo utanisoma mpaka mwisho.

Nimeusikiliza ule ujumbe wako wa sauti tena na tena. Unasema wiki ijayo unapandikizwa meno manne, na umewaambia wakupe nusukaputi, ulale fofofo, usisikie hata mlango ukifungwa, uamke una meno. Haya, kwanza huenda usiamke na meno, bwana. Mimi niliambiwa wanaweka skurubu kwenye mfupa wa taya, mfupa unapewa miezi ya kuishika, ndipo jino linakaa juu yake. Niliomba kuiona hiyo skurubu. Ndogo! Ina hesi kabisa, kama ile ya mguu wa cherehani yangu. Daktari wa meno akaniambia mama, watu wengi hufumba macho. Nikamwambia mimi nimelipia, acha nione.

Sasa habari ya usingizi. Unanijua kwa maswali, na safari hii nilipata wa kumuuliza. Pale kliniki wana daktari wa ganzi na usingizi, binti mwembamba mwenye sauti ya chini, meno yenyewe hayamhusu. Nilimbana hasa. Kumbe ile sindano ya ganzi kwenye fizi inachomwa kwa njia zote! Mimi nilidhani anayelazwa usingizi hachomwi. Anachomwa vilevile, ila yeye hana habari.

Wengi, akasema, wanatosheka na hiyo ganzi peke yake. Uko macho, unasikia mashine inavyonguruma na taya inavyosukumwa, lakini maumivu hakuna. Mwenye woga anaweza kuongezewa kidonge cha kutuliza, anakimeza kabla, anakuwa hajali kitu, lakini haruhusiwi kurudi nyumbani peke yake. Au gesi ya kuvuta kwa kinyago kidogo cha puani. Hiyo ilinivutia sana, maana wakishaitoa, akili inarudi upesi. Halafu kuna dawa ya mshipani. Hiyo unakuwa nusu umelala, ukiambiwa fungua mdomo unafungua, lakini baadaye hukumbuki kitu. Nusukaputi yako ndiyo ya mwisho kabisa. Hapo hata kupumua unasaidiwa, na mtu anakulinda mwanzo mpaka mwisho.

Mimi nikachagua ya mshipani, moja kwa moja. Nilitaka kuona mtu anawezaje kujibu maswali halafu asikumbuke alichojibu. Shemeji yako akasema nitakachojibu anakijua, nitawaambia wanapotoboa vibaya.

Basi binti akaanza kuuliza. Unatumia dawa gani, una mzio wa kitu chochote, umewahi kulazwa. Mimi najibu vizuri tu. Akauliza, unakoroma? Nikasema hapana. Upesi hivyo! Unajua kwetu mambo yalivyo. Kwetu hakuna anayekoroma, kuna waliochoka. Baba alikuwa anatikisa madirisha, na mama anatuambia baba yenu leo amefanya kazi sana. Tumekua hivyo, mtu na usingizi wake ni siri ya nyumba.

Akamgeukia shemeji yako. Naye, kwa heshima yake kwangu, akasema, "Hapana daktari, anapumua kwa nguvu tu."

Yule binti hakucheka. Akaniuliza kama naamka na kichwa kizito. Nikasema ndiyo, kila siku. Kama nasinzia mchana. Nikasema kidogo, kwenye cherehani, na juzi nimeshona zipu ya sketi ya mteja upande wa mbele. Akaweka kalamu chini. Akatueleza kwamba dawa ya kutuliza inalegeza mwili mzima, na koo nalo limo. Mtu ambaye koo lake tayari hujifunga akilala, dawa hiyo inaweza kulifunga zaidi, na asiweze kujishtua mwenyewe. Akasema si kwamba wa namna hiyo hawalazwi. Wanalazwa, tena kila siku, lakini anayewalaza lazima awe anajua, ili ajiandae.

Hapo shemeji yako akatazama viatu vyake. Akasema, "Anakoroma, daktari. Na kuna wakati anakata pumzi kabisa. Mimi namsukuma ndipo anavuta tena."

Mapengo, nilitamani sakafu inimeze. Miaka yote hiyo kwenye kitanda kimoja, hajawahi kuniambia! Nikamkazia macho mpaka akahamisha kiti. Lakini hasira ilinishuka nilipoelewa maana ya lile neno, namsukuma. Mtu huyu amekuwa akilala sikio moja wazi kwa ajili yangu, na mimi asubuhi namlaumu kwamba ananirushia mateke.

Mpango ukabadilishwa. Nikapewa ganzi na gesi kidogo, nikawa macho. Na nimefurahi! Tulikubaliana nikiinua mkono wa kushoto wanasimama. Niliuinua mara nyingi, si kwa maumivu, kwa maswali, mpaka muuguzi akanishika huo mkono akausugua taratibu, nikajua ananifunga kistaarabu. Walipofika kwenye kushona nikataka kujua uzi wa aina gani. Wanafunga fundo zuri, siwezi kusema uongo, ila wanaacha ncha ndefu. Ningekuwa nafunga mimi ningekata karibu zaidi. Nyumbani nilikunywa chai ikamwagikia kwenye kifua chote, maana mdomo haukujua kikombe kiko wapi. Wamenipa pia karatasi ya kwenda kupimwa usingizi wangu, na nitakwenda.

Sasa nisikilize, ndugu yangu. Hapa ndipo nilipokuwa nakuleta.

Ulipokuja kwangu mwaka jana baada ya mazishi ya wifi, ulilala kwenye kochi la sebuleni. Nilikusikia. Ulikuwa unakoroma, halafu kimya. Si kimya cha kupumzika. Kifua kilikuwa kinahangaika na hewa haipiti hata kidogo, halafu ukashtuka kama mtu aliyetolewa majini, ukaanza upya. Ikawa hivyo tena na tena. Nilisimama mlangoni na shuka mkononi nikajiambia, ni uchovu, ni majonzi, mwacheni. Nikakufunika. Asubuhi sikukwambia neno, nikakuuliza umelalaje, ukasema vizuri.

Huyo daktari wako atakuuliza. Wewe utasema hapana, kama mimi, tena kwa ukweli wako wote, kwa sababu hujawahi kujisikia. Na kwenye kile kiti cha pili hatakuwepo mtu wa kutazama viatu vyake. Wifi ndiye aliyekuwa anakusukuma. Aliwahi kuninong'oneza jikoni, nikampuuza, nikamwambia kaka amechoka. Sasa unaamka peke yako kwenye nyumba ile, na hakuna anayejua ulivyolala.

Sikukatazi nusukaputi. Sijui chochote, mimi ni fundi wa nguo. Chagua utakacho, lakini nakuomba wachague pamoja nawe wakijua. Mpe daktari namba yangu, anipigie hata nikiwa kazini. Mwanangu nimemwagiza akusindikize, na nimemweleza kila kitu mbele ya baba yake, siri ya nyumba imekwisha. Nina ndugu mmoja tu. Naogopa, na sioni haya kukwambia.

Nisalimie jirani yako wa juu anayekuletea magazeti, na yule fundi baiskeli rafiki yako. Shemeji yako anakusalimu sana, na anasema pole kwa dada uliyepewa. Mungu akulinde ukiwa macho, akulinde zaidi ukiwa umelala.

Na wakikuuliza, usiseme hapana, wala usiseme sijui. Sema ndiyo, dada yangu amenisikia.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Dada yako mkubwa