Somo la Mvuto

Kitaya, 4 Mei 2024

Mama, shikamoo. Mimi mzima, ila mbu wa huku mtoni hawana adabu. Mguu wako unaendeleaje?

Sijui nicheke au nilie. Kwenye ubao wa nje ya shule niliandika: "Jumamosi Mwalimu Jesca atatoa Mvuto. Wazazi karibuni." Nilisahau neno "somo". Kina mama wakajaa darasa zima! Nikaanza: Wagiriki wa kale walisema jiwe huanguka kwa sababu linatamani kwao, na mmoja wao akasema sumaku ina roho. Saida, mama wa mwanafunzi wangu, akanyoosha mkono: "Mwalimu, hayo tumesikia. Dawa yenyewe inanywewa au inaogewa?"

Msalimie mchumba wangu, Gideoni. Siku hizi hapigi simu, na roho yangu haitulii.

Mwanao, Jesca

Chikongola, 13 Mei

Mwanangu, marahaba. Mguu umepoa, roho ndiyo inawaka. Habari zako zilifika kabla ya barua. Mama yake Gideoni amenijia dukani, mbele za wateja: "Mwanao anagawa mvuto Kitaya! Ndiyo maana kijana wangu alikuwa haoni wala hasikii." Mambo ya mahari wameyasimamisha. Mwandikie Gideoni upesi, umweleze.

Mama yako

Kitaya, 16 Mei

Mama, shikamoo. Nimemwandikia yote, tangu sumaku hadi yule Mwingereza aliyesema kila kitu kinavuta kingine, kisha akakiri kwamba sababu yake haijui. Na mimi sijui kwa nini ni Gideoni. Nampenda tu. Pikipiki yoyote ikisimama nje, natoka mbio nikidhani ni yeye. Nenda kamwone, mama, tafadhali.

Mwanao, Jesca

Chikongola, 2 Juni

Mwanangu, pole. Nimekwenda. Barua ameisoma, na anasema hana ugomvi nawe. Lakini Jumapili aliombewa kanisani, akatoka mwepesi. Analala vizuri, hakuwazi tena. Anasema huo ndio ushahidi kwamba ulimfunga. Likizo ikifika uje nyumbani, mama.

Mama yako

Kitaya, 5 Juni

Mama, shikamoo. Safari hii mimi si mzima.

Siku ile, kwa vicheko vya kina mama, somo sikulimaliza. Mwisho wake ni huu: vitu viwili vikivutana, nguvu ni ileile pande zote mbili. Hakuna kinachovuta chenyewe kisivutwe.

Nenda kamuulize mchungaji, huyu wa upande wa pili anaombewa lini?

Mwanao, Jesca