Kurasa za Siku ya Daraja

Jumatatu, 4 Novemba

Leo kurasa kumi na moja. Kamati ya kumbukumbu inataka kila mtu ukurasa mmoja: siku daraja lilipoanguka, ulikuwa wapi? Jumamosi unatimia mwaka. Nchi nzima itasimama kimya, kisha kurasa zitasomwa kwa kipaza sauti. Basi mtaa mzima umehamia dukani kwetu kuchapiwa, na mchapaji ni mimi. Wao wanasema, mimi nabonyeza.

Wote walikuwa darajani. Kinyozi darajani, muuza mikoba darajani, hata Bosi — ambaye siku hiyo alikuwa amelazwa, mkewe mwenyewe kasema. Kwa watu wote hao, daraja lingeanguka kwa uzito wao tu.

Nikachapa hivyo hivyo. Mimi na kusema ni mbingu na ardhi.

Jumatano, 6 Novemba

Nimeharibu. Bosi hataki nianze ukurasa mpya kwa kila mteja. Eti nifungue wa aliyetangulia, nibadilishe jina na mambo yake, yaishe. Leo nimegundua sentensi ya kinyozi, "nilisikia mlio kama bati linachanwa", imebaki kwa watu tisa. Tisa!

Nikajikaza, nikamwambia muuza mikoba kwamba hiyo si yake, nitaifuta.

"Ufute nini, mwanangu? Mlio niliusikia kwa masikio haya."

Nikasema juzi hakuutaja.

"Juzi nilisahau. Kwani wewe ulikuwepo?"

Bosi akacheka, akasema mteja ni mfalme. Nikaiacha.

Sikuwepo. Nilikuwa kwenye mtihani wa mwisho. Kadi ya mtihani niliisahau nyumbani, nikaazima simu ya mlinzi wa shule, nikampigia Baba. Alikuja nayo, amevaa overoli yake ya kazi. Akanipa getini. "Haya mama, kaandike." Akageuka, na njia ya kurudi nyumbani ni ile ile ya darajani.

Nyumbani wanajua alipigiwa simu. Wanaamini ni mteja mwenye friji mbovu. Msibani wote walisema kazi ndiyo iliyomchukua. Mwaka mzima sijawasahihisha.

Alhamisi, 7 Novemba

Ishirini na mbili. Mgongo wangu! Shangazi kapita kuuliza mbona mimi, mtoto wa marehemu, sijaandika wangu, au nataka kuaibisha ukoo. Nimesema kazi ni nyingi. Hilo nalo ni kweli.

Ijumaa, 8 Novemba

Mama alikuja dukani. Akakaa kwenye stuli ya wateja, mkoba magotini, kama mgeni. Bosi akanikonyeza: usianze mpya. Nikamsomea Mama mwanzo uliokuwepo, aseme cha kubadilisha. Nilipofika kwenye bati akanikata.

"Futa hiyo. Mimi nilikuwa naosha vyombo. Sikusikia kitu."

Nikafuta yote. Wiki nzima, mtu wa kwanza!

Akaanza polepole. Baba alikuwa hajamaliza chai. Simu ikaita. Akasema narudi sasa hivi, msiondoe kikombe.

"Andika alikwenda kwa mteja. Sijui ni nani. Ningemjua, mwanangu, ningekwenda hadi kwake nimwulize kama baba yenu alifika. Na kama alisema neno lolote."

Mwaka mzima anamtafuta mtu huyo, na mtu huyo anakula naye sahani moja.

Vidole vikakataa kuandika "mteja". Nikaandika: "Aliyempigia ni binti yake, aliyesahau kadi ya mtihani. Alifika. Alisema, haya mama, kaandike." Nikachapisha bila kumsomea. Mama hakuwa na miwani. Akakunja ukurasa, akautia mkobani, akanishukuru kwa adabu kama anavyomshukuru karani wa benki. Nimejichukia. Kumwambia kwa mdomo ningekufa? Nikamwandikia kwa mashine, yeye ameketi mbele yangu.

Sasa ni saa kumi na moja na nusu jioni, niko chumbani kwangu. Mjumbe wa kamati anapita saa kumi na mbili kuchukua kurasa. Mama yuko sebuleni, nasikia karatasi inakunjuliwa. Ananiuliza kama nimeiona miwani yake. Iko hapa kitandani kwangu, alinipa juzi niibane skrubu. Nimeitika "abee" na bado nimeketi.

Ameita tena. Anasema niilete, mjumbe asije akamkuta hajasoma.