Saa ya Mguuni

4 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku kwetu afya ipo. Mimi mzima, mkwe wako mzima, na huyu wa tumboni ndiye mzima kuliko wote, maana mateke anayonipiga yangefaa uwanjani. Wewe je? Mguu je? Nakuuliza kwa barua kwa sababu kwenye simu nikitaja mguu tu, mtandao wako unakatika.

Baba, plasta ya mguu uliovunjika ilitolewa zamani, na mtaalamu wa mazoezi alisema utembee kila siku. Jirani yako fundi viatu ananiambia kiti cha barazani kimeanza kuchukua umbo lako. Mtoto anatarajiwa mwezi wa tano. Mama hatunaye tena wa kumpokea, kwa hiyo nataka umpokee wewe. Ila sisi tunakaa ghorofa ya nne, lifti hakuna, na mgongo wa mkwe wako unaujua, hauwezi kukubeba.

Nimempa mwalimu mwenzangu akuletee saa ya babu. Daktari amenipumzisha, siingii darasani, na mkono usioandika ubaoni hauiendeshi saa. Imesimama. Unaijua kuliko mimi: haina betri wala haitiwi ufunguo, inakula mtikisiko wa anayeivaa. Ivae, uniandikie inavyokwenda. Ikitembea, nitajua nawe unatembea.

Binti yako

20 Februari

Mwanangu,

Marahaba sana. Mimi sijambo, namshukuru Mungu, ila chumvi wanasema nipunguze. Saa imefika salama. Nilipoivaa nilimkumbuka marehemu baba. Alikuwa tarishi, akizunguka na mafaili ofisi hadi ofisi, na haikusimama mkononi mwake hata siku moja mpaka alipostaafu. Kwangu ikala brashi ya rangi. Kwako ikala chaki. Nikikaa nayo najiona nina watu.

Sasa habari njema: tangu nimeivaa haijasimama. Inakwenda kama ya dukani. Kwa hiyo punguza kelele, ulee tumbo.

Mimi na fundi viatu tuna mashindano ya drafti hapa barazani, asubuhi mpaka jioni. Nikimla, kete naibamiza mpaka ubao unaruka. Amekoma. Msalimie mkwe wangu na mgongo wake.

Baba yako

1 Machi

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, na natumaini nawe u mzima, maana kwa ujanja naona hujambo kabisa.

Drafti asubuhi mpaka jioni, na saa haisimami. Sasa miguu inatembea saa ngapi? Unaiendesha saa kwa kete, baba. Mimi ni mwalimu, wanafunzi wangu hunidanganya kwa ustadi zaidi ya huo.

Basi ivue mkononi, uifunge mguuni. Mguu uleule uliovunjika. Mkanda hautafika, lakini fundi viatu ana ngozi na sindano, atauongeza. Nimeshaongea naye. Amekubali kwa sharti moja, umwache ashinde drafti siku mbili tatu apumue.

Nacheka, lakini si mzaha. Ndiyo kwanza nazaa, na naogopa kuzaa nisione mtu wangu hata mmoja mlangoni.

Binti yako

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hali yangu ni ya mzee aliyefungwa saa mguuni. Naificha ndani ya soksi. Juzi mama mmoja njiani aliniuliza saa ngapi, nikasahau, nikainama kupandisha suruali. Alinipa pole akaondoka haraka.

Nikwambie jambo ambalo kwenye simu sitaliweza. Si uvivu. Naogopa. Nimefanya kazi juu ya ngazi maisha yangu yote, rangi mkononi, nikipiga mluzi, halafu nikaja kuangushwa na kizingiti cha jikoni kwangu. Kila nikinyanyua huu mguu, naiona ile sakafu inakuja. Kwa drafti nilikuwa na kisingizio cha kukaa.

Mwanzoni saa ilikuwa inasimama kila siku, na fundi viatu anaikagua kama askari. Sasa nafika dukani na kurudi. Polepole, kwa mkongojo, lakini nafika. Ngazi sijajaribu. Kwa hizo usinitegemee.

Baba yako

2 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Tuko salama, tumbo limeshuka. Barua yangu ya mwezi uliopita hukuijibu. Simu yako haipatikani, ya fundi viatu inaita tu. Kama nimekusukuma ukaanguka tena, sitajisamehe. Iache hiyo saa. Usije. Mtoto akipata nguvu nitamleta mwenyewe umwone. Niandikie neno moja tu kwamba u mzima.

Binti yako

9 Mei, mlangoni kwenu

Mwanangu,

Mimi mzima. Simu ilianguka kwenye ndoo. Barua zako zote nimezipata, nikanyamaza kwa sababu sikutaka kuahidi kitu ambacho mguu ungekikataa. Mwezi mzima fundi viatu amekuwa akinipandisha ngazi za shule ya jirani, akinisema kama mtoto mtoro. Simu zako hapokei kwa kuwa hajui kutunza siri.

Nimepanda peke yangu, yeye amebaki chini na mizigo. Ghorofa ya pili nilikaa kwenye ngazi, nikataka kurudi. Nikaona kushuka nako ni ngazi hizohizo. Nilipofika mlangoni kwenu nililia kidogo, hilo usimwambie mkwe.

Nimebisha hodi weee, kimya. Ametoka jirani yenu, anasema uchungu umekushika asubuhi hii mkakimbilia hospitali. Karatasi hii naipenyeza chini ya mlango, isije ikawa tunapishana.

Anasema wodi ya wazazi iko ghorofa ya tano na lifti yao imeharibika. Ameanza kunipa pole. Nimemwambia anielekeze tu njia.

Babu yake