Daktari, Niambie Mimi

Munyaka, Eldoret
9 Agosti, 1986

Kwako mpendwa Mama Gichuru,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote hapa Munyaka. Habari za Nyahururu na ile baridi yenu? Natumaini Gichuru na wadogo zake hawajambo. Huku mvua ni nzuri, mahindi yamepita kichwa cha mtu, na nyumba uliyohama ameingia fundi wa viatu asiyeomba hata chumvi. Mimi niko hai, ndiyo maana nakuandikia kwa mkono wangu.

Unakumbuka ule uvimbe niliokuonyesha tukianika nguo, ukanihimiza niende hospitali. Nilienda ile ya misheni, wakakata kipande kidogo cha titi wakapeleka kupimwa. Siku ya majibu nilisindikizwa na Baba Tryphosa, na kwa vile yeye ni karani, daktari alimwita kando wakaongea Kizungu. Mimi nilikaa kwenye benchi nikiangalia midomo yao. Aliporudi alisema ni jipu la ndani, dawa zipo.

Basi nyumba ikageuka. Tryphosa akaninyang'anya jembe. Baba Tryphosa, ambaye hajawahi kununua nyama katikati ya mwezi, akaanza kuleta maini. Wamama wa kanisa wakiniona wanashusha sauti. Nikajua kuna neno linalotembea nyumbani kwangu na linanipita mimi tu.

Siku moja nilisema naenda sokoni Ziwa, nikaenda hospitali. Daktari ni kijana anayeitwa Murunga, rika la mdogo wangu. Akashangaa: "Mama, si nilimweleza mzee?"

Nikamjibu, "Daktari, titi ni la mzee ama ni langu?"

Nilidhani atanifukuza. Alifunga mlango, akavuta kiti akaketi karibu, akaniuliza mimi mwenyewe nafikiri ni nini. Nikasema nafikiri ni kansa. Akasema ndiyo, Mama, ni kansa. Alisema alikimbilia kwa mzee kwa kuogopa kuniona nikilia, na kwamba chuoni walifundishwa kupasua lakini hakuna aliyewafundisha kusema. Nililia kweli, naye akangoja. Kisha akanieleza kwa Kiswahili, polepole, kwamba titi litolewe, na ugonjwa ukionekana umefika kwapani nitapelekwa Nairobi kuchomwa kwa mashine. Nikamwuliza kama nitapona. Akasema hajui, na kwamba siku akijua, ataniambia mimi kwanza. Ajabu ni kwamba nilirudi nyumbani nikasikia njaa, nikala ugali nikamaliza.

Baba Tryphosa nilipomwambia kwamba nimejua, alikaa chini akalia. Alisema alihofu nikijua nitakata tamaa. Titi limeshatolewa, na kidonda kinafunga. Kwapani walikuta ugonjwa kidogo, kwa hivyo mwezi ujao naenda Nairobi.

Sasa nifike mahali kalamu ilikuwa ikikwepa. Baba Tryphosa aliniambia kwamba wewe pia ulijua, alikuambia tangu Mei. Kumbe siku ile uliyoniletea leso, ukanikumbatia mlangoni mpaka nikakucheka, ulikuwa unaniaga kama mtu wa kufa. Na barua zako za baadaye hazikuuliza titi hata mara moja, zilikuwa za viazi tu na bei yake. Nilikasirika, nisikudanganye. Sikutaka kusikia jina lako likitajwa hapa. Hasira ilipopoa nikaona hakuna aliyenitakia mabaya. Mlinipenda nyote, mkaniacha peke yangu.

Rafiki yangu, ukijibu barua hii usiniandikie viazi. Niulize kidonda kinaumaje. Niulize kama naogopa, nami nitakujibu kwamba naogopa sana, hasa hiyo safari ya Nairobi. Daktari nimemwuliza ya daktari. Haya mengine nataka kuyasema kwako.

Wasalimie watoto wote, na mama mkwe wako mwambie Namalwa bado anamkumbuka katika maombi.

Ni mimi rafiki yako,
Namalwa, Mama Tryphosa