Kibendera na Mtoto wa Jicho

Jumanne, 24 Septemba

Mvua robo inchi. Upepo wa kusini, nguruwe wa jirani wananuka mpaka jikoni.

Daftari hili ni la mvua. Miaka arobaini na moja naandika mvua, basi. Lakini tangu shule zifunguliwe hakuna wa kuongea naye nyumba hii, wote wako viwanjani. Kwa hiyo daftari livumilie.

Leo michezo mitatu, miji mitatu! Wajukuu wangu wawili wa kiume—huyu mpira wa miguu, yule mbio za nyika. Dada yao Adria mpira wa wavu. Mkwe wangu Lorna amebandika kalenda kwenye friji, kila mtu na rangi yake. Mimi nimepewa kijivu. Chakula cha jioni tumekula ndani ya gari: mkate na nyama baridi. Mwanangu Darwin aliomba baraka huku anakata kona. "Tufumbe macho," akasema. Nikamwambia, "Wewe usithubutu." Lorna akanifinya.

Wasichana walishindwa. Refa alikuwa Marvin Dykhuis, ambaye kazi yake hasa ni kuzika watu wa mji huu. Alipokosea mara ya tatu nikapaza sauti: "Marvin! Maiti zako zinaona kuliko wewe!" Ukumbi mzima ukacheka. Isipokuwa Darwin. Yeye ni mzee wa kanisa, na ndiye aliyepiga chapa ile Ahadi ya Uungwana wa Michezo iliyobandikwa mlangoni pa ukumbi. Vipengele saba. Cha tano: Hatutamtukana mwamuzi. Cha nne: Tutasema kweli hata ikituuma. Kila mchezaji katia sahihi, ya kwanza ya Adria, maana ndiye nahodha.

(Jina la Darwin ni la mjomba wa mama yake. Hakuna aliyetuambia kuna Darwin mwingine, yule wa binadamu na nyani, mpaka mtoto alipokwisha kubatizwa.)

Alhamisi, 26 Septemba

Hakuna mvua. Wamenikomoa!

Mshika kibendera mmoja hakuja. Mwalimu Hooyer, kocha wa wasichana, akapanda ngazi za majukwaa mpaka nilipoketi, akanikabidhi kibendera chekundu huku anatabasamu kama paka. Mshika kibendera haruhusiwi kushangilia. Haruhusiwi kusema neno. Darwin alikuwa nyuma yake anakohoa kicheko. Wamepanga hawa!

Kazi yenyewe rahisi. Mpira ukianguka ndani, kibendera chini. Ukienda nje, kibendera juu.

"Na kama hukuona, Mzee Wessel," kocha akasema, "unakunja mikono kifuani. Hivi. Refa ataamua mwenyewe, au mpira utarudiwa."

"Kama maiti," nikasema.

"Kama mtu mkweli," akasema.

"Hiyo nitamfanyia Marvin siku yangu ikifika. Si kabla."

Sasa hapa naandika jambo ambalo halimhusu mtu. Jicho langu la kulia limeingia mtoto. Daktari wa mji wa pili ndivyo alivyoniambia mwezi wa sita: mtoto wa jicho, mzee, upasuaji dakika ishirini. Kwa hiyo nina watoto wawili, Darwin na huyu, na wote wawili wananiziba. Sijamwambia yeyote. Mwezi wa nane niligonga sanduku la barua la jirani, Darwin akatamka: likitokea la pili, ufunguo wa pikapu anaushika yeye. Nikifungua mdomo kuhusu jicho, ufunguo umekwenda. Na mtu wa huku bila gari ni gunia la soya. Unakaa ulipowekwa.

Nani ataiendesha, hata hivyo? Gia ya pili inagoma tangu wavulana hawajazaliwa. Mpaka uikanyage klachi mara mbili na kuibembeleza. Ananielewa mimi tu, kikongwe yule.

Basi nikasimama kona yangu. Mipira ya kushoto naiona. Ya kulia kwangu ni wingu. Lakini mjinga mimi? Siangalii mpira, naangalia nyuso! Aliyepiga akicheka, ndani. Akiuma mdomo, nje. Sijakosea hata mmoja.

Jumapili, 29 Septemba

Ukungu asubuhi.

Mchungaji kahubiri juu ya kupiga mbio mpaka mwisho. Kama kuna watu wasiohitaji kuambiwa wakimbie ni sisi! Hoja tatu, peremende tatu—marehemu mke wangu alinigawia hivyo, moja kila hoja, na ukimaliza ya tatu na mchungaji bado anasema, hiyo ni dhambi yake. Sasa Adria ndiye anayenigawia. Anazipitisha chini ya kitabu cha nyimbo bila kugeuza uso, kama nyanya yake.

Mlangoni watu wanne walinishika mkono. "Mzee Wessel, umetulia siku hizi!" Nimetulia! Nimezibwa mdomo kwa kitambaa chekundu mbele ya watu mia mbili.

Jumanne, 8 Oktoba

Mvua nusu inchi, mavuno yamesimama. Darwin ana hasira na mbingu lakini hawezi kusema, ni mzee wa kanisa.

Leo Zoar wamekuja. Shule ya Kikristo kama yetu, wameshiba zaburi kama sisi, warefu kama milingoti. Seti mbili kwa mbili. Ya tano, inayoisha kwenye kumi na tano kwa tofauti ya pointi mbili: kumi na nne kwa kumi na tatu, sisi tunaongoza. Adria akaruka akaushindilia mpira—upande wangu. Wa kulia.

Wingu.

Nikatafuta uso wake. Mgongo! Alikuwa ameshageuka. Wenzake watano wakaruka juu wanapiga yowe. Nikashusha kibendera. Ndani. Tumeshinda.

Wasichana wa Zoar hawakubisha hata kidogo. Wakaja mmoja mmoja wakanishika mkono—"Asante, babu, asante, babu"—kisha timu zote mbili zikafanya duara zikasali pamoja, kama desturi. Darwin alitoka huko juu akanipiga bega. Hajanipiga bega tangu tuuze ng'ombe wa maziwa.

Adria alikaa chini anafunga kamba ya kiatu. Nimehesabu. Kiatu kimoja, dakika nne.

Alhamisi, 10 Oktoba

Kavu. Mashine ya kuvunia imerudi shambani.

Zoar wameleta pai! Pai ya tufaha, na barua. "Kwa Mzee Wessel Hoekzema, kwa kusimama kwa haki na utulivu, mfano kwa vijana wetu." Lorna ameibandika kwenye friji, juu ya kijivu changu. Nimekula vipande viwili. Cha tatu nimekirudisha kwenye sahani.

Adria hakugusa. Nilimkuta kwenye ghala anaupiga mpira ukutani, pa, pa, pa.

"Ukuta umekukosea nini?" nikamuuliza.

Pa. "Babu, ule mpira ulikuwa nje."

"Upi?"

"Usijifanye. Nje hivi." Akaonyesha kwa mikono upana wa sahani. "Ulitua mbele ya miguu yako."

"Sasa mbona hukusema? Wewe nahodha. Kipengele cha nne, sahihi yako ya kwanza!"

Akaukamata mpira, akaukumbatia. "Ningesema, wangekuuliza ulikuwa unaangalia wapi. Na baba angejua." Pa. "Unadhani sioni? Unamwaga kahawa mezani upande wa kulia kila asubuhi. Mimi ndiye ninayefuta."

Nikamfanyia mzaha. Nikasema pengine ulikuwa mpira wa Kikristo, umesamehewa. Hakucheka. Akasema, "Nimedanganya kwa ajili yako, babu, na wao wametuletea pai."

Msichana wa miaka kumi na saba!

Kabla sijatoka ameuliza swali moja: huwa najuaje mpira uko ndani au nje, kama sioni? Nikamwambia siri ya nyuso. Nadhani nilikuwa najisifu.

Jumapili, 13 Oktoba

Baridi kali, jani la kwanza la barafu kwenye kioo cha pikapu.

Darwin ameisoma ile barua mbele ya wazee wa kanisa. Wote! Amenisimulia kwa furaha huku anakata nyama ya mchana. "Baba, nilidhani wewe hutabadilika." Nikaomba chumvi.

Peremende zilikuwa mbili. Hoja ya tatu niliimeza kavu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Kavu.

Mechi ya mtoano Jumanne ijayo, hapa kwetu. Na nani? Zoar! Atakayeshindwa msimu wake umekwisha, na kwa Adria, aliye mwaka wa mwisho shuleni, ni mwisho wa mchezo. Na Zoar wenyewe wameomba Mzee Wessel ashike kibendera. Wenyewe!

Nimempigia kocha simu nikamwambia nyonga inauma.

"Tutakuwekea kiti," akasema.

Nikamwambia moyo pia una hitilafu.

"Marvin atakuwepo," akasema. Kumbe naye ana ulimi!

Kisha nimejaribu kumwambia Darwin. Ndiyo, mimi! Nilimfuata shambani, nikasimama kando ya mashine. Akazima injini. "Kuna nini, baba?" Nikasema mvua itanyesha Jumamosi. Akasema, "Umekuja na gari mpaka huku kuniambia hilo?" Nikasema ndiyo. Na gari.

Jumanne, 22 Oktoba

Mvua. Kiasi gani sijui, kipimo kiko nyumbani na mimi niko ndani ya pikapu nje ya ukumbi wa shule, naandikia goti.

Herufi zinisamehe.

Seti mbili kwa mbili. Ya tano, kumi na nne kwa kumi na tatu, sisi mbele. Ungedhani shetani ndiye anayepanga ratiba na Lorna anampa rangi. Mpira ukainuliwa, Adria akaruka. Upande uleule. Kulia kwangu—wingu, na sauti ya mpira sakafuni, pa.

Watano wakaruka. Yowe. Majukwaa yote yamesimama, Darwin na ngumi zote mbili hewani. Nikatafuta uso wa Adria.

Safari hii hakunigeuzia mgongo. Alisimama ananitazama moja kwa moja. Hakucheka. Hakuuma mdomo. Uso umefungwa kama duka siku ya Jumapili. Alinikazia uso ule makusudi, mtoto yule! Hakunipa kitu.

Kibendera kilikuwa kimeanza kushuka. Naandika kweli: kilikuwa kimeanza. Yowe lile lilikuwa linakivuta.

Nikakunja mikono kifuani.

Marvin akaniinamia kutoka juu ya kiti chake cha refa. "Wessel? Hukuona?" Nikatikisa kichwa. Akaniuliza tena—nadhani hakuamini—nami nikavunja sheria nikafungua mdomo: "Sikuona, Marvin. Na ule wa wiki mbili zilizopita sikuuona pia."

Ukumbi mzima ulisikia. Mfereji wa maji huko nje ulisikia. Kocha wa Zoar akaweka mkono mdomoni.

Marvin naye hakuwa ameona, wavu ulimziba. Mpira ukarudiwa. Zoar wakachukua pointi. Wakachukua nyingine. Na nyingine. Kumi na nne kwa kumi na sita. Umekwisha. Msimu wa Adria umekwisha kwa mikono yangu hii.

Darwin alishuka ngazi mbilimbili. Hakungoja sala. Mzee wa kanisa! "Baba, ungeshusha tu!" alisema kwa sauti ya chini, uso mwekundu. "Kila mtu aliuona uko ndani! Leo ulikuwa ndani!"

"Mimi sikuona."

"Tangu lini huoni?"

"Tangu mwezi wa sita."

Nyuma yake mlangoni ile karatasi yake ya vipengele saba. Nikaiangalia, naye akageuka akaona ninachoangalia. Kipengele cha nne sikumsomea, na Mungu ndiye anayejua nilivyojizuia! Nikachukua kofia nikatoka.

Hiyo ni nusu saa iliyopita. Kupitia dirishani nimeona duara la sala, jezi za rangi mbili. Adria alikuwa katikati ya warefu wawili wa Zoar, mabega yanatetemeka.

Nilipanda upande wa dereva. Nikatia ufunguo. Nikakaa. Taa za maegesho zote zina manyoya—kila moja kama kuku mweupe kwenye mvua. Muda gani zimekuwa hivyo? Nikateleza mpaka kiti cha pili. Sijampa mtu ufunguo, ieleweke. Nimeuacha tu pale ulipo.

Wanakuja. Adria mbele, begi begani, hana kofia. Baba yake hatua kumi nyuma, anatembea kama anayehesabu maneno.

Adria amefungua mlango wa dereva. Ameingia. Macho mekundu, hajaniangalia. Ametoa peremende mfukoni, ameiweka kwenye dashibodi katikati yetu. Moja. Sijui ni yangu au yake.

Amewasha. Baba yake amesimama nje upande wangu, mvua inamtiririka puani, anagonga kioo kwa kidole. Sijakishusha bado.

"Babu," amesema Adria, mkono kwenye gia, "hii ya pili inaingiaje?"

Nimemwambia angoje kidogo, namalizia mstari. Klachi mara mbili, kisha usiilazimishe, isubiri yenyewe i—