Nzige wa Bahari

Jumanne, 4 Novemba
Nimepalilia ndengu tangu asubuhi. Magugu yanaota haraka kuliko ndengu zenyewe.
Mutinda amerudi kutoka pwani. Bamvua imeanza, maji yana nguvu na yamechafuka, wazamiaji hawaingii. Mume wangu mimi humpata mwezi ukipenda. Ameshuka basi hapa Kambu na begi moja na pamba sikioni. Pamba ina usaha.

Jumatano, 5 Novemba
Nimemburuta kwa daktari wa masikio. Kiwambo cha sikio la kushoto kimetoboka. Akizama tena kabla hakijapona, sikio hilo litakufa. Daktari ametumia neno hilo hilo, litakufa. Mutinda amecheka. Eti kule chini kamba mawe hawapigi hodi, sikio la nini? Sijacheka.
Anazama kwa pumzi yake tu, mkononi ana kijiti kilichofungwa pweza. Akimwingiza pweza pangoni, kamba mawe anatoka mbio kwa woga, naye anamdaka. Nikimuuliza kina anasema si kirefu. Muongo.

Alhamisi, 6 Novemba
Tumegombana mpaka sauti zikatuishia. Mwishowe amesema: mzee wako akiikataa hii kazi, nitaacha. Baba yake mwenyewe alikufa zamani. Na huku kwetu neno la baba mkwe halirudishwi.
Basi nimepata njia. Baba hali kitu chochote cha majini. Kwa wazee wa rika lake samaki ni nyoka tu. Kuna mtu aliwahi kumwekea tilapia kwenye harusi, akaondoka kabla ya keki. Mutinda amekuwa akitamani kumpikia alichovua kwa mikono yake, ila hajathubutu. Nimemwambia apike Jumamosi. Amefurahi kama mtoto. Roho imenisuta kidogo. Kidogo tu.

Ijumaa, 7 Novemba
Mzigo umefika na basi la asubuhi. Ni wale kamba mawe Mutinda aliowahifadhi kwenye tenga baharini, mwenzake ametutumia. Boksi, mwani mbichi, gunia lililoloweshwa. Watano, wazima bado. Miiba mgongoni, macho yametokeza, masharubu marefu kuliko mkono wangu. Wabaya ajabu. Nimefurahi sana. Baba hatamaliza hata kuombea chakula.

Jumamosi, 8 Novemba
Sijui nianzie wapi.
Mutinda alipika mwenyewe. Aliwachemsha kwa maji ya chumvi. Mmoja alimwacha mzima kwa heshima ya Baba, wengine akawapasua, akawapaka kitunguu saumu na ndimu, akawaweka juu ya makaa. Na wali wa nazi. Nyumba nzima ilinukia, jambo lililonikera. Mama alikaa nami jikoni, maana mama mkwe hali mbele ya mkwewe. Tulichungulia mlangoni.
Baba aliombea chakula, tena kwa kirefu. Akafungua macho. Nikasema moyoni, sasa. Akamwinua yule mzima kwa masharubu, akamgeuza, akaangalia miguu.
"Hii si nyoka," akasema. "Nyoka iko na miguu wapi? Hii ni nzige."
"Ni ya bahari, mzee," Mutinda akasema.
"Basi ni nzige ya bahari. Nzige tulikula tukiwa watoto. Hata nabii alikula huko jangwani. Letea mimi pilipili."
Nilitaka kulia. Alikula wawili. Alivunja miguu, akainyonya mmoja mmoja. Mama akala wake nyuma ya mlango, akaniangalia, nikampa nusu ya wangu. Iliyobaki nilikula kwa hasira. Nyama nyeupe, nene, tamu kwa mbali. Sijawahi kula kitu kitamu hivyo, na nimekichukia.
Baba alinawa mikono. "Muthoni wangu," akasema, yaani mkwe wangu, na mkwe akiitwa hivyo na mzee hapumui, "umeniheshimu. Ndugu zangu wanakuja mwisho wa mwezi tumalize mambo ya mbuzi za mahari. Na wao waonje hii."
Mutinda alinitazama. Halafu akasema, sawa mzee.

Jumapili, 9 Novemba
Baada ya ibada nilimvuta Baba kando nikamweleza habari za sikio. Alisikitika kweli. Alimpigia Mutinda simu nikiwa nimesimama pale pale. Akamwambia, kama wewe ni mgonjwa, wacha. Mutinda akamjibu kwamba sikio lilishapona, wanawake wanaogopa bure.
Mkwe haendi kumlilia baba mkwe maumivu. Hilo nililijua. Kwa nini sikulifikiria?
Tangu nirudi nyumbani sijasema naye. Ninamchukia, ninamwogopea, na chakula nimempakulia.

Jumatatu, 10 Novemba
Ameondoka. Sikumsindikiza stendi. Nimepalilia mpaka mgongo ukakataa.

Ijumaa, 14 Novemba
Amepiga simu. Maji yametulia, yanaonyesha mpaka chini. Tenga linajaa vizuri. Nikamuuliza sikio linaendeleaje. Akasema ndiyo, upepo ni mzuri.
Nikauliza tena. Akasema mtandao ni mbaya. Mimi nilikuwa namsikia vizuri kabisa.

Jumapili, 16 Novemba
Baba amesimama kanisani kushuhudia, akawaambia watu wote habari za nzige wa bahari. Wamecheka, wamepiga makofi. Nami nimepiga.

Jumatano, 19 Novemba
Amerudi. Pamba hana tena, anasema hakuna maumivu. Kamba mawe wa wazee wako kwenye tenga, watatumwa siku yenyewe.
Jioni imekuwa tulivu, mvua imepita mbali. Alikaa nje kwenye kigoda akitia jembe mpini. Nilitoka na chai nikamwita. Nikamwita tena, karibu, upande wake wa kushoto. Kuku waligeuka. Nikazunguka mpaka upande wake wa kulia, nikamshikisha kikombe.
Akasema asante, kwa sauti kubwa mno.