Mjomba Amekata Jina Lake

Shoga, mjomba amekata jina lake kwenye fomu yangu. Tena kwa kalamu yangu mwenyewe!

Nilikuwa ofisi ya uchaguzi, narudisha fomu ya kugombea kiti cha mkaguzi wa matumizi ya jiji. Wadhamini tisa walishathibitisha, amebaki yeye wa kumi. Nikampa kalamu. Akaniuliza mbele ya karani, "Mwanangu, ukishinda, na zabuni yangu ya taa za barabarani utaipekua?"

Unanijua nilivyo. Sauti haikutoka. Nikaitikia kwa kichwa tu.

Akacheka! "Huyu hata kumkemea paka hawezi, ndiye akague jiji?" Karani naye akacheka. Halafu mjomba akapiga mstari juu ya jina lake, taratibu kabisa.

Mjomba aliyenibeba mgongoni! Na zile taa za mtaani kwetu hazijawaka tangu azifunge. Hata siku moja!

Nimelia chooni, nikanawa uso, nikarudi. Nikamwambia karani nafasi ya kumi bado ni yangu, nitaijaza. Safari hii sauti imetoka, mpaka akakaa sawa.

Wanafunga saa kumi. Chukua kitambulisho uje sasa hivi, hata na hizo ndala za bafuni.